Kompyuta ya Mezani Inayowaka Ikipenda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bodi Kuu

Ukurasa huu unahusu kompyuta za mezani za kawaida, zile zenye kasha la chuma, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme) ya mfumo wa ATX, yaani kiwango cha kawaida cha kompyuta za mezani, na bodi kuu ambayo sisi mafundi huiita bodi tu. Hauhusu kompyuta iliyokufa moja kwa moja. Iliyokufa ni rahisi, kwa sababu kila unapoipima inakupa jibu lile lile. Inayochosha ni ile inayogoma mara tano nyumbani kwa mwenyewe, kisha ikifikishwa mezani kwa fundi inawaka kama haijawahi kuumwa.

Kompyuta yangu haiwaki. Nitajuaje kama tatizo ni bodi au ni Windows?

Neno "haiwaki" limebeba mambo manne yasiyofanana, na fundi asipokuuliza unamaanisha lipi ataanza kubahatisha. La kwanza ni kwamba unabonyeza kitufe na hakuna taa wala feni inayotikisika. La pili, feni huzunguka kidogo kisha kila kitu huzima, pengine mashine ikajaribu tena yenyewe. La tatu, feni na taa huendelea kuwaka lakini skrini hubaki nyeusi. La nne, nembo ya mtengenezaji hutokea, kisha mashine hukwama au hujiwasha upya kabla ya kufika kwenye dirisha la kuingilia.

Katika hali tatu za mwanzo Windows haina hatia yoyote, kwa kuwa diski haijaanza hata kusomwa. Kufuta mfumo na kuuweka upya ni kupoteza mchana wako. Hali ya nne mara nyingi ni ya diski au ya mfumo wenyewe, ingawa RAM mbovu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, nayo huweza kujificha humo. Kumbuka pia kwamba tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwahi kuwaka siku inayofuata, na kilichoharibika jana hurudi nacho leo. Kabla ya kuilaumu bodi kwa hitilafu ya hali ya nne, zima ukiwa umeshikilia kitufe cha Shift, kisha uwashe upya uone kama tabia imebadilika.

Kwa nini asubuhi inagoma, lakini ikishawaka inafanya kazi siku nzima bila kusumbua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya, na jibu lake ndilo linalofungua njia ya uchunguzi wote. Prosesa, chipu kuu inayofanya hesabu zote, haitumii volti 12 zinazotoka kwenye pawa saplai. Inatumia takriban volti 1, lakini kwa makumi ya ampea. Kazi ya kushusha umeme huo hufanywa na sehemu ya bodi iliyo kando ya soketi ya prosesa, na kapasita zilizopangwa hapo ndizo zinazotuliza mawimbi yake. Kapasita za zamani zina majimaji ndani. Kadiri miaka inavyopita majimaji hayo hukauka au huoza, ukinzani wa ndani ya kapasita hupanda, na ukinzani huo huwa mkubwa zaidi kukiwa na baridi. Prosesa inapodai umeme kwa ghafla wakati wa kuwaka, kapasita dhaifu na baridi hushindwa kuziba pengo, volti huporomoka kwa muda mfupi sana, na bodi hujizima au hubaki imeganda. Kila unapobonyeza kitufe unaipasha moto kidogo. Ndiyo maana mtu huniambia, "Fundi, ukiibembeleza mara tano sita inakubali." Kinachoibembeleza ni joto.

Hebu tazama kurasa mbili za daftari langu kuhusu mashine ya ofisi moja. "Jumatatu saa 1:50 asubuhi, imelala usiku kucha. Jaribio la 1: feni imezunguka kama nusu sekunde, ikasimama. La 2: vile vile. La 3: feni inaendelea, skrini nyeusi, hakuna mlio. La 6: mlio mmoja, imewaka. Saa 7:00 mchana, imezimwa dakika 5: imewaka mara ya kwanza. Saa 7:40, imezimwa dakika 30: imewaka mara ya kwanza. Jumanne saa 2:05 asubuhi: imewaka jaribio la 5." Ukisoma hayo hujafungua hata skrubu moja, lakini tayari unajua kwamba unatafuta kitu kinachoathiriwa na baridi, na kwamba kuichunguza saa nane mchana ni kazi bure. Nawe weka daftari la namna hiyo.

Kapasita iliyoharibika inaonekanaje?

Ni vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama, na juu vimechongwa mistari yenye umbo la X au K ili presha ikizidi vipasukie hapo. Kapasita nzima ina kichwa bapa kabisa. Ukiweka makali ya rula juu yake, mwanga haupiti chini. Iliyovimba ina kichwa kama kitumbua, au imetoa utando wa kahawia unaofanana na chai iliyokaukia, au imeinuka upande mmoja kwa sababu raba ya chini imesukumwa nje. Hiyo ya kuinuka hupita machoni pa wengi, kwa kuwa kichwa chake huwa bado bapa.

Bodi nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata kapasita zenye majimaji mabovu, na watengenezaji wakubwa hawakusalimika. Mwaka 2005 Dell ilitangaza kutenga dola milioni 300 za Marekani kwa ajili ya gharama za tatizo hilo, ambalo lilizikumba hasa OptiPlex GX270 na GX280, na Apple nayo ililazimika kuweka mpango maalumu wa kutengeneza iMac G5 zilizokuwa na hitilafu za umeme na picha. Baadaye watengenezaji walihamia kwa wingi kwenye kapasita ngumu zisizo na majimaji, ambazo kichwa chake hakina mistari ile. Ikiwa bodi yako ni ya miaka ya karibuni na kapasita zake zote ni za aina hiyo, ugonjwa wa asubuhi bado unawezekana, lakini mshukiwa wa kwanza huhamia kwenye pawa saplai, ambayo ndani yake kapasita za majimaji zingali zinatumika hadi leo.

Kapasita zote zinaonekana nzima. Je, nizisahau?

Hapana. Kapasita huweza kukauka bila kuvimba, na macho hayatakwambia. Kipimo cha uhakika ni mita ya kupima ukinzani wa ndani, ambayo mafundi wengi hawana, na multimita ya kawaida yenye sehemu ya kupima kapasita inaweza kukuonyesha mikrofaradi sahihi wakati kapasita haifai tena.

Ipo njia ya mtaani ambayo ninaiheshimu. Acha mashine ilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuigusa, elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye eneo la kando ya prosesa kwa dakika mbili au tatu, kwa umbali wa kiganja na kidole, ukihakikisha plastiki haziwi laini. Kisha iwashe. Ikiwaka mara ya kwanza kwa siku tatu ulizopasha joto, na ikagoma siku ambazo hukupasha, umepata mahali pa kuchimba. Fanya hivyo hivyo kwa pawa saplai peke yake siku nyingine, ukipuliza hewa ya moto kupitia matundu yake bila kuifungua. Usipashe vyote viwili kwa pamoja, maana utapata jibu la ndiyo bila kujua nani kasema ndiyo.

Nianze kuchunguza wapi?

Nje kwenda ndani, na kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ninarudia sehemu ya pili kwa sababu ndiyo inayovunjwa kila siku: mtu anasafisha RAM, anabadilisha waya wa umeme, anaweka betri mpya na kupuliza vumbi ndani ya dakika 10, mashine inawaka, anamrudishia mwenyewe, baada ya wiki inarudi, na sasa hakuna ajuaye kilichoisaidia kwa wiki hiyo moja.

Chomoa kwanza kila kilichochomekwa kupitia USB, pamoja na printa na flashi, kwa kuwa mlango wa USB uliopinda vyuma vyake huweza kupiga shoti kwenye volti 5 na kuifanya mashine ikatae kuwaka. Badilisha waya wa umeme na soketi ya ukutani. Halafu chunguza vitufe vya mbele ya kasha. Kitufe cha kuwasha upya kilichonasa kwa vumbi na jasho la vidole huishikilia bodi katika hali ya kusubiri, feni zikizunguka na skrini ikiwa nyeusi, na nimeona bodi nzima ikitupwa kwa ajili ya kitufe hicho. Chomoa nyaya zote mbili za vitufe kwenye bodi, kisha gusisha kwa ncha ya bisibisi, kwa sekunde moja tu, zile pini mbili za kuwashia. Mashine ikiwaka hivyo kila mara, tatizo lako ni la shilingi chache.

Fundi aliiwasha pawa saplai kwa kipande cha waya na feni yake ikazunguka. Je, si ushahidi kwamba ni nzima?

Ni ushahidi kwamba haijafa, basi. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi huiamuru pawa saplai iamke, na inaamka ikiwa haina mzigo wowote. Mtu anayeweza kusimama si lazima aweze kubeba gunia.

Kipimo chenye maana hufanywa ikiwa imeunganishwa na bodi. Ingiza ncha nyembamba za multimita kwa nyuma ya kiunganishi kikubwa cha pini 24, ile nyeusi kwenye waya mweusi, na ile nyekundu kwenye rangi unayopima. Waya wa zambarau unapaswa kuwa na volti 5 wakati wote ambao plagi iko ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukiwa chini ya 4.75 au ukiyumbayumba, bodi haina hata nguvu ya kusikia kitufe. Mashine inapowaka, wa njano uwe kati ya 11.40 na 12.60, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa kati ya takriban 3.14 na 3.46. Hizo ni asilimia 5 juu na chini, kama kiwango cha ATX kinavyoagiza.

Waya wa kijivu hausahauliki na mafundi wazuri. Kwa huo pawa saplai huiambia bodi, "Umeme wangu umetulia, endelea." Volti 5 zinapaswa kutokea juu yake kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya umeme mwingine kutulia. Zikichelewa, zikikosekana au zikipepesa, feni zitazunguka vizuri na prosesa haitaanza kazi hata kidogo, na wewe utaapa kwamba bodi imekufa.

Tahadhari mbili. Multimita ni nzito wa macho: mporomoko wa volti wa milisekunde chache haiuoni, kwa hiyo namba nzuri kwenye kioo chake haziondoi shaka zote, na jaribio la kuazima pawa saplai unayoiamini kwa siku tatu za asubuhi lina thamani kuliko namba hizo. Pili, rangi nilizotaja ni za ATX ya kawaida. Baadhi ya kompyuta za ofisi, zikiwemo OptiPlex za miaka ya karibuni, zina viunganishi vya kwao wenyewe, na pawa saplai nyingine zina nyaya nyeusi tupu. Huko hesabu pini, usitegemee rangi.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa ya ndani huchajiwa hadi zaidi ya volti 300, na huweza kubaki na chaji hiyo baada ya plagi kuchomolewa.

Betri ndogo ya bodi inaweza kuzuia kompyuta isiwake?

Kwa kawaida betri ya CR2032 ikiisha hupoteza saa na mipangilio, na mashine huwaka ikikulalamikia tarehe. Lakini zipo bodi zinazokataa kuendelea betri ikiwa dhaifu sana. Ni kitu rahisi; ipime, na ikiwa chini ya volti 2.8 ibadilishe. Kisha iondoe kwenye orodha ya washukiwa usirudi tena hapo.

Milio na taa za bodi zinasema nini?

Zinasema kwa lugha ya mtengenezaji, na kosa kubwa ni kusoma jedwali la mwingine. Milio mitatu kwenye BIOS moja (programu iliyo ndani ya bodi inayoamsha mashine) haina maana ile ile kwenye nyingine. Tafuta jina kamili la bodi, lililochapishwa juu ya bodi yenyewe, usome kitabu chake. Bodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo ukingoni, kwa ajili ya prosesa, RAM, kadi ya picha na diski, na ile inayobaki imewaka inakuonyesha hatua ambayo mashine imekwama. Ikiwa kasha lako halina spika, nunua ile ndogo ya pini nne. Bei yake haifiki nauli ya kumpelekea fundi.

Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, swali la kujiuliza ni kama mashine inakwama hatua ile ile kila inapogoma. Ikikwama kwenye taa ya RAM mara nane kati ya nane, fuata RAM na soketi yake. Ikikwama leo kwenye prosesa, kesho kwenye picha, keshokutwa isionyeshe taa yoyote, rudi kwenye umeme, kwa sababu umeme mbovu ndio unaobadilisha uongo wake kila siku.

Kusafisha RAM kwa raba ya kufutia penseli kunafaa?

Kunafanya kazi, na ndiyo maana kumeenea kutoka Kariakoo hadi Luthuli. Lakini raba hukwangua, na tabaka la dhahabu kwenye miguu ya RAM ni jembamba sana. Baada ya kusuguliwa mara kadhaa, kilicho chini hubaki wazi na kushika kutu haraka zaidi. Mimi hutumia kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili, na raba nimeiachia hali ya dharura. Mashine zinazotoka Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako hewa ina chumvi, hustahili kusafishwa pia soketi yenyewe kwa hewa ya kupuliza.

Baada ya kusafisha, jaribu kipande kimoja cha RAM katika soketi moja, kisha kile kile katika soketi nyingine. Ukiona kosa linafuata kipande, ni RAM. Likibaki kwenye soketi, ni bodi au prosesa. Nasema prosesa kwa sababu katika mashine za leo RAM huzungumza na prosesa moja kwa moja, na pini moja iliyopinda chini ya prosesa, au kipozeo kilichokazwa skrubu upande mmoja kuliko mwingine, hutosha kuifanya soketi moja ya RAM ionekane mbovu.

Kuna faida gani kuitoa bodi nje ya kasha?

Kubwa sana, na ningependa hatua hii ifanywe kabla ya mtu yeyote kutamka neno "bodi mpya". Itandaze juu ya boksi la karatasi ngumu, ukiwa na prosesa, kipozeo chake, RAM kipande kimoja na pawa saplai. Ongeza kadi ya picha ikiwa tu prosesa haina picha yake yenyewe. Usisahau waya wa pini 4 au 8 wa karibu na prosesa. Ikiwaka hapo bila kukosea kwa asubuhi kadhaa, hitilafu imebaki ndani ya kasha.

Nilichowahi kukikuta nyuma ya bodi: kinguzo cha shaba kilichofungwa mahali pasipo na tundu la skrubu, kikigusa miguu ya kapasita kila kasha linapolazwa upande, skrubu iliyodondoka tangu siku mashine ilipounganishwa, na mara moja mjusi kafiri aliyekauka kama karatasi, mkia wake ukiwa katikati ya miguu miwili ya soketi ya pini 24. Mashine ile ilikuwa ikigoma siku za mvua tu. Mwenyewe alikuwa ameshaiombea.

Yangu ni kinyume: inawaka ikiwa baridi, lakini ukiizima ikiwa na moto haiwaki tena mpaka ipoe.

Basi kapasita zilizokauka si mshukiwa wa kwanza. Angalia kipozeo cha prosesa, grisi yake na feni, kwa kuwa prosesa iliyopita kiwango chake cha joto hukataa kuanza. Baada ya hapo fikiria viungo vya risasi vilivyopasuka. Chuma hutanuka kinapopata moto na ufa mdogo hufunguka. Dalili yake nyingine ni kwamba mashine hubadili tabia ukiibonyeza bodi taratibu pembeni kwa kidole, au ukiisogeza kasha.

Hapa ndipo watu huanza kuoka bodi kwenye oveni au kuichoma kwa hewa ya moto. Ninakubali kwamba huwaka baada ya hapo, na nimeshuhudia. Huwaka kwa siku au wiki kadhaa, kisha hurudi palepale, mara nyingi ikiwa na viungo vingine vipya vilivyolegea, na oveni hiyo haifai tena kuokea mkate. Ikiwa chipu kubwa ndiyo iliyopasuka viungo, dawa ni kuing'oa na kuipachika upya kwa mashine maalumu, na kwa bodi ya mezani ya kawaida gharama hiyo mara chache hulipa.

Umeme wa nyumbani unahusika vipi?

Kuliko watu wanavyodhani. Pawa saplai iliyochoka huweza kuvumilia volti 230 na kushindwa na 180 za saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapasha chakula na taa zinafifia. Kama daftari lako linaonyesha kugoma kwa jioni badala ya asubuhi, pima soketi ya ukutani kabla ya kufungua kasha, na ujaribu mashine ile ile mtaa mwingine au kwa kupitia stabilaiza.

Ukigusa kasha na kuhisi linakutekenya, ethi yako haipo. Chujio la umeme ndani ya pawa saplai limeunganishwa na kasha, na bila waya wa ethi kasha huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini huingia kwenye waya wa skrini na wa printa kila unapouchomeka, na milango ya bodi haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kukata mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye ekstensheni ndiko kunakoanzisha mambo haya.

Neno kwa wanaopokea mashine kutoka Marekani: tazama nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu. Ikisomeka 115, isogeze kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ukichelewa, utasikia mlipuko, na hutahitaji ukurasa huu.

Nimenunua mashine mpya ya DDR5 (RAM ya kizazi cha tano) na skrini inakaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Je, ni mbovu?

Huenda siyo. Mashine za DDR5 hujifunza upya RAM zake mara ya kwanza, na baada ya kufuta mipangilio ya BIOS, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa. Mwenye haraka huzima katikati, na mashine huanza upya hesabu yake. Iache robo saa.

Je, nisasishe BIOS?

Ikiwa tu mtengenezaji amesema waziwazi kwamba toleo jipya linarekebisha tatizo linalofanana na lako, na ikiwa una UPS yenye betri nzima. Kusasisha BIOS ya mashine ambayo hujui itawaka au itazima dakika ijayo ni kujitafutia tatizo la pili.

Ninaweza kubadilisha kapasita mwenyewe?

Ukiwa umezoea kuchomelea redio, bado utashangaa. Bodi ina tabaka nyingi za shaba ndani, nazo hunyonya joto lote la pasi, hivyo risasi haiyeyuki. Ukilazimisha kuivuta kapasita unang'oa na ukuta wa tundu lake. Tumia pasi yenye nguvu, ongeza risasi mpya kidogo ili ya zamani iyeyuke, na utikise mguu mmoja baada ya mwingine. Mbadala uwe na mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, uvumilivu wa nyuzi 105, na uwe wa aina ya ukinzani mdogo. Kapasita ya redio yenye namba zinazofanana haifai. Piga picha kabla ya kutoa, kwa sababu alama za upande hasi hazifanani kwenye bodi zote. Badilisha zote za kundi moja hata kama iliyovimba ni moja.

Fundi ameniambia bodi imekufa. Nimuulize nini?

Muulize aliijaribu kwa pawa saplai ipi, saa ngapi, na mara ngapi. Muulize kama aliitoa kwenye kasha. Fundi aliyefanya kazi yake atakujibu bila kukasirika na pengine atakuonyesha.

Nitajuaje kwamba imepona kweli?

Si kwa kuiwasha mara ishirini mfululizo mchana, kwa kuwa hiyo ni mara moja baridi na mara kumi na tisa moto. Hesabu asubuhi. Ikiwa ilikuwa ikigoma kila siku, ninakaa nayo asubuhi tano. Ikiwa iligoma mara moja kwa wiki, ninamwambia mwenyewe aichukue, aendelee kuandika kwenye daftari lile lile, na tuonane baada ya mwezi mmoja.